Kupima kama majani ya mlonge yanakinga kumbukumbu

Swali la maabara si "mlonge unaongeza akili?" Swali ni hili: panya aliyenyweshwa mlonge kwanza, kisha akadungwa dawa ya kumsahaulisha, je, atasahau kidogo kuliko mwenzake aliyenyweshwa maji? Shika neno "kwanza". Ukianza kumpa mmea akiwa ameshadungwa, hapo unapima tiba, si kinga.

Hatua ya 1. Uwepo majani yanapochumwa. Kausha tawi lenye maua na umpelekee mtaalamu wa mimea alitambue na kulihifadhi kwa namba.

Hatua ya 2. Anika majani kivulini, yasage, loweka unga kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa siku 3. Chuja, kisha vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Utabaki na rojo la kijani kibichi linalong'ang'ania kijiko.

Hatua ya 3. Kibali cha maadili ya wanyama kiwe mkononi, na kipimo cha sumu kiwe kimefanyika. Bila hivyo usiguse panya.

Hatua ya 4. Gawa panya makundi 6, kila moja panya 8: maji pekee, maji na skopolamini (ile dawa ya kusahaulisha), donepezili (dawa ya ugonjwa wa Alzaima) na skopolamini, na matatu ya mlonge na skopolamini, kwa miligramu 100, 200 na 400 kwa kila kilo ya uzito. Wanyweshe kila siku kwa siku 14. Anayehesabu asijue panya yupi ni wa kundi gani. Macho huona yanachokitamani.

Hatua ya 5. Siku ya mwisho, saa moja baada ya kunywesha, dunga skopolamini miligramu 1 kwa kilo. Dawa hii huziba vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo pia hupungua kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzaima. Subiri nusu saa, kisha muweke panya kwenye kizimba cha umbo la Y kwa dakika 8. Mikono yake mitatu iite A, B na C, na andika kila mkono anaoingia.

Tuseme aliingia A, B, C, A, B, A, C. Soma herufi tatu tatu: ABC, BCA, CAB, ABA, BAC. Zenye mikono mitatu tofauti ni 4 kati ya 5, yaani asilimia 80. Panya anayekumbuka alikotoka hupenda kuingia mkono ambao hajautembelea karibuni. Anayebahatisha hukaribia 50.

Futa kizimba kwa spiriti kila panya anapotoka. Mimi niliwahi kusahau, panya wakawa wanafuata harufu ya wenzao, nikatupa data ya siku nzima. Nilisikitika zaidi kwa ajili ya wale panya.

Kando ya kila asilimia andika pia jumla ya kuingia. Skopolamini huwafanya panya wahangaike huku na huku. Kundi la mlonge likiwa limeingia mara chache mno kuliko lile la maji pekee, huenda mmea umewalegeza tu, na asilimia yako haisemi lolote kuhusu kumbukumbu.