Ufunguo wa gari la zamani: tafuta namba kwanza, kuchonga baadaye

Kama una gari la zamani na ufunguo umebaki mmoja, usikimbilie kwa fundi kuchongesha mwengine leo. Ngoja kwanza. Huo ufunguo umeingia na kutoka kwenye kitasa miaka arubaini hamsini, meno yashalika, na mashine ya kuchonga haijui meno yalikuwaje yalipotoka kiwandani, yafuata tu inachokiona. Ukichongesha kopi wapata ufunguo mpya wenye meno yaliyolika vilevile, na ukichonga kopi ya kopi ndo basi, unaingia lakini hauzunguki. Landrover ya marehemu mzee wangu, Series IIA, nlichonga kopi nne hapa Mombasa kabla sijaelewa hili, na zote zilikuwa za kubembeleza, mpaka uutikise tikise ndo suwichi ya kuwashia gari ikubali.

Cha kutafuta ni namba ya ufunguo, ile inayomwambia fundi meno ya asili yalivyokuwa. Anza na ufunguo wenyewe, uoshe kwa mswaki na sabuni uangalie kichwani pande zote mbili. Hakuna? Angalia uso wa suwichi pale unapotia ufunguo. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani, Landrover, Mini, Morris, namba imepigwa hapohapo, kwa mfano herufi FS halafu tarakimu tatu. Hewa yetu ya chumvi huku pwani yala chuma, namba hufifia, lakini sugua chaki nyeupe juu yake kisha pangusa kwa kidole, ile chaki hubaki kwenye mikwaruzo na namba yasomeka, piga picha kwa simu uikuze.

Kwa Volkswagen ya kobe (Beetle), fungua mkono wa mlango utoe nje, namba huwa imepigwa kwenye sehemu inayoingia ndani ya mlango. Toyota na Datsun za zamani jaribu kitasa cha mlango wa abiria, chomoa silinda, kile kipande cha kitasa unachotia ufunguo, uiangalie ubavuni. Kazi ya nusu saa ukiwa na bisibisi na subira, ila weka kitambaa chini manake springi zikiruka huzioni tena.

Jambo moja watu hawaliwazi: gari likiwa la zamani hivo, suwichi pengine ishabadilishwa njiani. Kwa hiyo namba ya suwichi na ya milango zaweza kuwa tofauti kabisa, andika zote kwenye karatasi. Na usiipandishe hiyo picha ya namba mtandaoni, wallahi, mwenye namba aweza kuchonga ufunguo wa gari lako bila kuliona.

Ukishapata namba, sasa ndo utafute ufunguo mbichi, ule ambao haujachongwa. Hapa mifereji ya ubavuni ndo muhimu kuliko meno. Kwa kobe kuna herufi ya aina iliyopigwa kwenye ufunguo, mpe fundi hiyo pia. Ufunguo mbichi wa sawasawa huingia mpaka mwisho bila kulazimishwa, ukiona fundi ashika tupa kuupunguza ubavu ili uingie, mwambie aache, huo si wa gari lako. Kama fundi hana vipimo vya kuchonga kwa namba, wako wauzaji wa vipuri vya magari ya zamani Uingereza wanaochonga kwa namba tu na kutuma kwa posta. Agiza miwili kwa mpigo.

Namba ikikosekana kabisa bado kuna njia. Mpelekee fundi silinda yenyewe, si ufunguo. Aifungue, apime vile vibati vya ndani vinavyogusana na meno ya ufunguo, kimoja kimoja, achonge kufuata vibati. Nenda na logibuku, fundi muaminifu ataiulizia na ana haki.

Ukija kujaribu, acha mlango wazi na kioo chini, zungusha taratibu kwa vidole viwili. Ukigoma usitie nguvu wala koleo, ukikatikia ndani wajitafutia kazi nyengine. Na kitasa usikitie grisi wala mafuta ya kupikia, hushika vumbi yakawa matope. Kwaruza risasi ya penseli, ule unga mweusi upake kwenye meno, ingiza utoe mara kumi hivi. Ule ufunguo wa asili utoe kwenye bangili ya funguo, uuweke ndani pamoja na ile karatasi ya namba, utembee na mpya.