SOMO: Jinsi ya kuangalia Galavant na mtaa mzima hapa Mwanza, na kuimba viitikio vyake kwa Kiswahili

Mwangaluka wadau. Watu wananiuliza kila siku ile tamthilia ya kuimba tunayoangaliaga Jumamosi kule Kirumba tunaifanyaje mpaka hata bibi asiyejua Kiingereza anacheka na kuitikia, basi leo naandika yote kwa mpigo, mwenye swali aulize chini nitajibu.

Kwa wageni kwanza. Galavant ni tamthilia ya vichekesho ya Marekani, ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya ABC Januari 2015, kwahiyo kwa wenzetu ni ya zamani ila kwetu hapa uwani ni mpya kabisa na tunaipenda kama imetoka jana. Mtunzi wa hadithi ni Dan Fogelman, muziki ni wa Alan Menken yule aliyetunga muziki wa katuni kibao za Disney, na maneno ya nyimbo ni ya Glenn Slater. Walienda kuipiga picha Uingereza, pande za Bristol. Msimu wa kwanza una vipande 8, wa pili 10, basi, jumla 18, na kila kimoja ni dakika ishirini na kitu tu. Hadithi yenyewe: Galavant ni shujaa wa farasi na upanga, mchumba wake Madalena kachukuliwa na mfalme Richard, jamaa anakuja mbio na wimbo mzima wa kumsifia aje kuvunja harusi, anafika pale harusini bibi harusi anafikiria, anafikiria, alafu anamchagua mfalme kwa sababu ya mali na umaarufu. Hapo ndo mwanzo tu wa kipande cha kwanza! Baada ya hapo shujaa amekuwa mlevi na kitambi kimetoka, na inabidi binti mfalme Isabella aje kumtoa kitandani.

Na kwa wale wazee wa mpira, yule mlinzi mbabe wa mfalme, Gareth, ni Vinnie Jones mwenyewe wa Wimbledon iliyoifunga Liverpool 1-0 fainali ya FA Cup 1988. Anaimba. Wazee wa uwani kwetu walikuja kwa ajili yake yeye tu na mpaka leo hawajaondoka.

HATUA YA KWANZA: itazame peke yako hadi mwisho

Usiwaonyeshe watu kitu ambacho wewe mwenyewe hujakimaliza. Nunua vipande vyako kihalali, vishushe kabla na bando la usiku, usitegemee mtandao siku yenyewe. Panga viwili viwili kwa wiki, ndo hivyo hivyo ABC waliviweka, viwili kila Jumapili, na vinakaa vizuri kwa sababu kimoja kinaisha watu hawajakolea bado na vitatu watoto wanalala.

HATUA YA PILI: waambie kwa nini wanaimba

Mara ya kwanza kabisa nilikosea hapa. Niliwasha tu. Dakika ya pili mama wa nyumba ya jirani akauliza kwa sauti, sasa huyu mbona anaimba badala ya kusema? na hakuna aliyemjibu, mpaka mwisho tulicheka watu watatu. Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa naipenda hii kitu na nilitaka waipende.

Wiki iliyofuata nikaanza na maneno machache. Nikawauliza nani amewahi kwenda Bujora wakati wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, mikono ikanyooka mingi, nikasema haya, Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma, wakishindana pale wanasemaje? Wanaimba. Kejeli inaimbwa, sifa inaimbwa, na kila upande unatafuta kuwavuta watazamaji waje kwake. Sasa hawa nao ni hivyo hivyo, ikifika mahali jambo limekuwa kubwa au la aibu sana kusemwa kwa maneno makavu, mtu anaimba. Yule mama akasema aaah, kumbe ni ngoma. Nikamwambia ndiyo mama, ni ngoma yenye hadithi. Tangu siku ile ndo anakaaga mbele kabisa.

HATUA YA TATU: geuza kiitikio kiwe Kiswahili kinachoimbika

Hapa ndo penyewe, someni taratibu. Utani wa hii tamthilia umekaa ndani ya maneno ya nyimbo. Mtu akielezwa baada ya wimbo kuisha utani umeshakufa. Na maandishi ya chini hayasaidii, yanapita haraka, kuna wasiosoma, na ukisoma huoni sura ya mfalme. Kwahiyo sisi tunachukua kiitikio peke yake, siyo wimbo mzima, tunakitafsiri, tunawafundisha watu kwa dakika kumi kabla ya kuwasha. Wimbo ukifika wanajua unasema nini na wanaitikia.

Unaanza kwa kusikiliza umefumba macho na kugonga meza, unahesabu sauti siyo maneno. Ni mizani zile zile za shuleni, tulifundishwa wote. Andika namba, tuseme nane kisha saba. Alafu andika utani wenyewe kwa sentensi moja ya kwako, mfano "mfalme anataka kuonekana jasiri ila ni mwoga", na hiyo sentensi ndo unayoitafsiri, maneno ya Kiingereza yaache yaende zake.

Sasa kuna mtego ambao ulinipotezea wiki mbili. Kiingereza kina maneno mengi mafupi ya silabi moja, kwahiyo mstari unaisha kwa kishindo, sauti ya mwisho ndo nzito na ndo inayovutwa. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka neno "upendo" pale, mwimbaji atavuta "dooo" na neno linavunjika, mtu anasikia kitu kingine kabisa. Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza unaigawa ile sauti ya mwisho mara mbili, unavuta "pen" alafu "do" inaangukia fasta nyuma yake. Ya pili ndo ninayoipenda mimi, malizia na tanakali za sauti. Lugha yetu imejaa hizi, puu, tii, pee, jii, chubwi, zote fupi na zote zinakubali kuvutwa, na zenyewe tayari zina kichekesho. Nawawekea mfano niliotunga mwenyewe wa kufundishia, haumo kwenye tamthilia:

Mfalme kapanda punda, akaanguka puu,
kofia ikabakia, inaelea juu.

Hesabuni, nane na saba, nane na saba. Imbeni kwa tuni yoyote ya haraka muone "puu" inavyokaa. Mstari huo niliwafundisha watoto wa uwani wakauimba wiki nzima wakienda kuchota maji.

Kitu kingine, msihamishe hadithi. Kuna waliotaka utajiri wa mfalme uwe ng'ombe mia na ghorofa Capri Point, na kweli watu wangecheka, ila nilikataa. Ngome ibaki ngome, deraya ibaki deraya, ni Ulaya ya zamani ile ya hadithi na uzuri wake ndo huo. Mtoto asiyejua deraya mwambie ni nguo ya chuma ya vita, kashajua neno jipya. Tunaazima lugha tu, hatuibi nchi yao.

Ukimaliza jaribu kwa mtu ambaye hajaiona. Mimi namwimbiaga mama mdogo akiwa jikoni anamenya ndizi. Akiendelea kumenya bila kuinua kichwa, mstari ni mbovu, rudi kaandike upya. Akisimamisha kisu, umepata.

HATUA YA NNE: mahali, giza na sauti

Haraka haraka. Shuka jeupe la kitanda kikubwa, lipigwe pasi, mikunjo inaharibu sura za watu. Libane ukutani juu na chini, msilitundike kwenye kamba, upepo wa ziwani unabadilika jioni na shuka linageuka tanga la mtumbwi. Sisi nyuma yetu kuna mawe makubwa, Mwanza hii mnaijua, na mawe yanarudisha sauti, kwahiyo tuliweka spika karibu na shuka zikiangalia watu, sauti ya wastani, ukifungua sana maneno yanagongana na huelewi kitu. Msianze saa moja, giza linakuwa changa, anzeni saa moja na nusu. Taa zote zizimwe, maana wale vijidudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wanafuata mwanga, washeni taa moja mbali kule kwenye kona iwavute huko. Na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema, yeye na familia yake wakaribishwe.

HATUA YA TANO: usiku wenyewe

Mafunzo ya kiitikio dakika kumi, kipande cha kwanza, mapumziko ya dagaa wa kukaanga na chai, kipande cha pili. Wimbo ukiisha na watu wanashangilia, simamisha, rudisha, waimbe tena. Msione haraka. Kuna Jumamosi wimbo mmoja wa mfalme Richard tuliurudia mara nne, huyo Timothy Omundson anayemwigiza jamani, mfalme mwoga, mpweke, anayetaka tu kupendwa, unamchukia kipande cha kwanza ukifika cha nane unataka kumpikia ugali.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Buzuruga: Mkuu, umeme ukikata katikati ya wimbo inakuwaje? Nina betri ya gari ya Ah 70 na inveta ndogo, itabeba?

Jibu: Itabeba vizuri. Ah 70 mara volti 12 ni kama Wh 840, usiinyonye yote chukua nusu, 420. Projekta ndogo ya LED tuseme wati 60 na spika 40, jumla 100, hapo una saa nne na kidogo, ila inveta yenyewe inakula kidogo, kwahiyo hesabu saa nne kasoro. Vipande viwili havifiki hata saa moja. Ila soma kwanza wati za projekta yako nyuma, zile kubwa za ukumbini zinakula mara tatu ya hapo.

Dada wa Nyegezi: Watoto wanaruhusiwa? Nina wa miaka 6 na 11.

Jibu: Dada yangu, kuna utani wa kikubwa, mambo ya vyumbani yanatajwa na pombe ipo, na panga zinatumika japo kwa kuchekesha. Mimi wa 11 ningemruhusu akiwa na mama yake pembeni, wa 6 aje kwenye mafunzo ya kiitikio aimbe na sisi alafu akalale. Itazame wewe kwanza, unawajua wanao kuliko mimi.

Mzee wa Mwaloni: Kijana, kwa nini msiweke mtu wa kutafsiri juu kwa juu kama vibandani? Ingekuwa rahisi.

Jibu: Shikamoo mzee. Tunaye, kwenye maongezi anatafsiri na anajua kazi, watu wanamfurahia. Ila wimbo ukianza ananyamaza. Sauti mbili zikipanda pamoja unapoteza wimbo na tafsiri vyote, ndo maana kiitikio tunakifundisha kabla. Mkisema tumtoe kabisa nitakataa, lakini kwenye nyimbo hapana.

Mwalimu wa Kisesa: Nimejaribu wimbo wa kwanza, neno "mapenzi" linanigomea mwishoni, naona hata kugawa sauti haisaidii maana tuni ni ya haraka.

Jibu: Mwalimu, litoe mwisho lipeleke katikati ya mstari, kule mkazo wake utapata nafasi. Mfano badala ya "nimekuja kwa mapenzi" sema "mapenzi yamenileta mbio fyuu". Tuni ya haraka na "fyuu" ni ndugu. Na nitumie mistari yako, wewe una sikio zuri, ile ya wiki iliyopita niliiimba njiani mpaka Igoma.

Msengerema: Sisi wa ng'ambo mnatufikiriaje, mkimaliza usiku tunarudije?

Jibu: Ndugu yangu si daraja lipo! Tangu Juni 2025 Kigongo-Busisi unapita tu, enzi za kukimbizana na kivuko zimeisha. Tunamaliza saa tatu na robo, jikusanyeni watu wanne watano mje na gari moja.

Mkerewe: Mimi niko Nansio, kuja kila wiki siwezi. Nataka kuanzisha kwetu, naomba daftari la viitikio.

Jibu: Hapa umenifurahisha kuliko wote. Daftari nalipiga picha leo usiku, viitikio vya vipande sita vya kwanza viko tayari na mizani zake pembeni. Cha saba na cha nane bado vinanishinda, hasa wimbo mmoja wa Gareth ambao sauti zake ni nzito na fupi na tanakali nilizonazo zote zimeisha. Kama Kikerewe kina milio mingine ya kuanguka au ya kupiga meza nitumie, nitaijaribu kwa mama mdogo Ijumaa.