Jinsi ya kuomba maina ya sosholojia ya tiba ukiwa chuo Marekani

Hii ni kwa mlioko Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, hasa nyie wa baiolojia mnaowaza udaktari. Toka 2015 MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, una sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia, kwahiyo maina hii, yaani fani ndogo ya jamii na afya unayobeba pembeni ya meja (fani yako kuu), sio pambo.

Anza na katalogi ya chuo chako, ya mwaka ulioingia na sio ya mwaka huu, maana kwa kawaida masharti yanayokubana ni ya mwaka wako. Maina nyingi ni krediti 15 hadi 21, na mlango ni sosholojia ya utangulizi, usipoipiga mapema kozi za juu mfumo unakufungia. Vyuo vingine maina hii wanaiita afya na jamii, vingine hawana kabisa, unachukua sosholojia ya kawaida alafu wewe mwenyewe unachagua kozi za afya. Huko ndo utakutana na mwanasosholojia Talcott Parsons na hoja yake ya 1951 kwamba mgonjwa nae ana haki na wajibu wake, fikiria unavyoombewa ruhusa kazini ukiumwa utaielewa fasta.

Cheki pia kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa kwenye meja na maina kwa pamoja.

Kisha andika semista zako zote zilizobaki, kozi kwa kozi, ndo uende kwa adivaiza, mshauri wako wa masomo. Usiende mikono mitupu utarudishwa. Fomu yenyewe haina shida: jina, namba ya mwanafunzi, meja, maina, semista ya kumaliza, saini, inaenda kwa msajili.

Sasa I-20, ile hati ya chuo inayoshikilia hadhi yako ya F-1, hapa tulia. Maina haikupunguzii kitu, bado unatakiwa krediti 12 kila semista na kwenye hizo 12 ya onlaini inayohesabiwa ni kozi moja tu isiyozidi krediti 3. Na usidhani ukichelewa utaongezewa muda kirahisi, wanataka sababu nzito ya kimasomo kama kubadili meja, au ugonjwa, ila kuongeza maina peke yake ofisi nyingi za wanafunzi wa kigeni hazikuelewi. Kwahiyo kama hesabu zinavuka tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye I-20, achana na maina, chukua kozi mbili tatu za afya kama za kuchagua.

Ukishapitishwa ingia kwenye akaunti yako uone kama maina imetokea, alafu siku ya kuomba kuhitimu uitaje tena kwenye fomu. Vyuo vingi haiandikwi kwenye cheti, inakaa kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo yako.