Jinsi ya Kuombea Lugha ya Jamii Nafasi katika Mpango wa Kaunti ya Nakuru

Jamii ya Waogiek wa Nessuit na Mariashoni, kando ya Msitu wa Mau, ina msingi imara wa kuiomba serikali iisaidie lugha yake. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali kuendeleza lugha za kiasili, Ibara ya 56 inazitaja lugha za makundi ya walio wachache, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Hata hivyo, jambo lisiloingia katika mpango wa maendeleo halitengewi fedha, kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kuandaa mpango.

Kielelezo kizuri kinapatikana Ayalandi, ambako wizara moja inasimamia maendeleo ya vijijini pamoja na Gaeltacht, yaani maeneo ambako Kiayalandi kingali kinazungumzwa na wenyeji. Chini ya Sheria ya Gaeltacht ya mwaka 2012, shirika la wenyeji ndilo huandaa mpango wa lugha wa eneo lake, nao hutekelezwa kwa miaka 7. Naona busara kubwa katika kuweka lugha na riziki mikononi mwa ofisi moja, kwa sababu kijana anayelazimika kuhama kutafuta kazi huondoka na lugha yake.

Sajilini kikundi kupitia afisa wa maendeleo ya jamii, kisha mpite nyumba kwa nyumba mkiandika lugha ambayo wazazi huzungumza na watoto, si ile ambayo wazee wanaikumbuka. Hapa msiharakishe. Kutokana na majibu hayo, chagueni shughuli chache zinazogusa maisha: kwa mfano, kwa kuwa Waogiek ni warina asali mashuhuri, mafunzo ya ufugaji nyuki yanaweza kuendeshwa kwa Kiogiek, wazee wakiwafundisha vijana majina ya miti, maua na misimu huku wakitengeneza mizinga. Kila shughuli iwe na gharama, mahali na msimamizi.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Wasilisheni waraka wenu miezi kadhaa mapema kwa idara ya utamaduni, mkimpa nakala msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Vikao vya kukusanya maoni ya umma vikiitishwa, hudhurieni kwa wingi, wanawake na vijana wakiwamo, na msemaji ataje mradi kwa jina na gharama yake.

Mpango ukichapishwa bila mradi wenu, pelekeni ombi la maandishi kwa karani wa bunge la kaunti, kama kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinavyoruhusu, mkiambatisha ile nakala yenye muhuri.