Usimuage bibi ukiwa na begi begani

Kama mkataba wako wa kazi Doha, Qatar, umeshatoka na tarehe unayo, anza kuaga wiki tatu kabla. Usiku wa mwisho huagi mtu. Nyumba hujaa, shangazi anakufungia halua, huyu anauliza pasi iko wapi, na alfajiri mashua ya kutoka Lamu kwenda Mokowe, ng'ambo bara, iko mbioni kuwahi basi. Safari ya kwanza nilimuaga bibi mlangoni nimesimama. Dakika mbili, basi.

Safari ya pili nilikuwa nikienda kukaa naye barazani kila baada ya Alasiri, bila shughuli yoyote. Siku moja nikamwomba apike mkate wa sinia nami nitazame, simu nimeiegemeza kwenye mtungi inarekodi. Bibi hapimi kitu. Nilipomuuliza tui kiasi gani, alinyanyua upawa: "Tazama unga unavyodondoka." Kisha akanigombeza, iliki sijaitwanga. Ule ugomvi ndio niupendao zaidi kwenye rekodi. (Nakala mwachie ndugu yako, simu hupotea.)

Jambo jingine: kubalianeni wakati wa kupigiana simu kabla hujaondoka. Saa za Doha na Lamu ni zile zile, lakini msipange kwa adhana. Mwezi wa Disemba jua la Doha huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Lamu bado kweupe. Mie bibi alinisubiri Magharibi nzima, simu mkononi, nami nimeshaingia zamu.