Maharage yasiyoiva: loweka, acha magadi

Jikoni kwa mkulima mmoja wa Buhigwe, Kigoma, mama mwenye nyumba alichota punje ya maharage, akaibinya kwa vidole viwili, ikagoma. Akatupia magadi chunguni. Povu likapanda mpaka ukingoni, mchuzi ukaanza kuwa mweusi. "Bila hivyo kuni zinaniishia, bwana shamba," akaniambia. Nilimwelewa, maana kuni hizo anazibeba yeye kichwani.

Lakini magadi yana gharama yake. Vitamini B1 ikichemshwa kwenye maji yenye magadi huvunjika haraka. Na sisi wa Kigoma tunakula sana ugali wa muhogo, ambao protini yake ni ndogo mno. Kinachobeba mlo huo ni maharage, yenye protini ya gramu 20 hadi 25 katika kila gramu 100 za punje kavu. Tukiyaharibu chunguni, watoto watabaki na nini?

Cha kufanya ni kuloweka. Jioni chambua, osha, tia maji mara tatu ya maharage, funika, uache saa 8 hadi 12. Asubuhi utakuta punje zimevimba, ganda limetanuka, na maji yamepata rangi. Hayo yamwage. Yameondoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi, na sehemu ya fitati, kitu kinachoyashika madini ya chuma na zinki mwili usiyapate.

Bandika kwa maji mapya, na yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Hili naomba lisipuuzwe: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili, na moto hafifu wa makaa pekee hautoshi kuiua. Kuanzia hapo usimwage maji tena. Wapo wanaoyamwaga mara mbili au tatu ili mchuzi uwe mweupe, kumbe vitamini za kundi B na madini yameshaingia humo.

Nyanya na ndimu zisubiri maharage yalainike, kwa sababu uchachu huchelewesha kuiva. Ndimu kamulia mezani. Vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza chuma. Chai ya rangi inafanya kinyume, basi inywe baadaye, si pamoja na chakula.

Tena mawese. Wengi huyachoma mpaka wekundu wote unatoka ili kukata harufu. Wekundu ule ndio karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Yakipata moto wa kukaangia kitunguu, inatosha.

Pengine umeloweka na bado hayaivi. Hapo chanzo kiko ghalani: maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva. Yakaushe mpaka punje ukiing'ata inavunjika, isibonyee. Yahifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, ufunge kila tabaka peke yake. Wadudu wanaotoboa punje hufa humo bila dawa. Uyaweke pakavu, penye kivuli, juu ya chaga.

Na ukienda kutafuta mbegu ya msimu ujao, usiulize tu ekari inatoa magunia mangapi. Nenda na mama watoto, omba vikombe viwili vya kila aina, visivyotiwa dawa, mkapike nyumbani kwa kuni zenu muone ipi inaiva upesi, kabla ya kununua.