Nzi weupe kwenye viazi vitamu: anza na marando, bomba baadaye

Wakati wa kiangazi, ukiyatikisa marando bondeni, wadudu weupe wadogo huruka kama vumbi na kutua papo hapo. Wengi wetu, Unguja na Pemba, tukiwaona tu hukimbilia bomba la dawa.

Nzi mweupe anafyonza utomvu, lakini hasara kubwa inaletwa na virusi anavyobeba. Virusi hivyo vikikutana mmea mmoja na vile vya vidukari, kiazi hudumaa, majani yakawa membamba na kujikunja, na mavuno huweza kupungua zaidi ya nusu. Shina likishaugua halina dawa. Dawa haizuii sana, maana nzi aliyetoka shamba la jirani huwahi kufyonza kabla hajafa. Tena dawa kali huua buibui na nyigu wadogo wanaomla. Na matembele je? Jani unalolipulizia leo, kesho lipo chunguni na tui la nazi.

Kwa hiyo kazi kubwa ni mbegu. Chagua marando mapema, shamba likiwa bado limesimama, maana baada ya kuchimba yote yanafanana. Shina lenye dalili hata kidogo liache. Kata ncha ya sentimita 30 hivi, kisha geuza majani ya chini uyatazame: vidoto bapa vilivyoganda, visivyotembea hata ukivigusa, ni watoto wa nzi. Majani hayo yapukutishe kabla ya kupanda, usije ukawapeleka mwenyewe kwenye tuta jipya.

Usipande ubavuni mwa shamba kuukuu. Viazi vinavyojiotea baada ya mavuno ving'oe, kwani hapo ndipo nzi na virusi hungojea msimu. Batobato ya muhogo nayo huenezwa na nzi mweupe, ila ni ugonjwa mwengine, hauhamii kwenye kiazi.

Mwezi wa kwanza kagua kila wiki, asubuhi mapema, nzi wakiwa bado wazito kuruka. Shina linaloumwa ling'oe lote, ukampe ng'ombe au ulifukie.

Maji ya sabuni au ya mbegu za mwarobaini yaweke kwa ajili ya kitalu cha marando tu. Pulizia jioni, chini ya jani. Ukilazimika kununua dawa ya dukani, muulize kwanza bwana shamba au bibi shamba ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma matembele.